Nani Aliliua Soko la Varrock?

Jumapili ile tuliitwa kula biriani, tukaishia kugombana kuhusu samaki wasiokuwapo.

Zuhura, mpwa wa rafiki yangu Hamisi, yuko mwaka wa tatu chuoni, anasoma mambo ya kompyuta. Yeye na wenzake watatu wanatengeneza gemu ya simu: unavua, unauza, unanunua chombo kikubwa zaidi, unavua tena. Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye soko. Mwenye samaki amtafute mwenye fedha, wapatane, wapeane mkono kwa mkono? Au uwepo mnada mmoja wa wote, unaingiza mali, unaandika bei, unakwenda kulala na asubuhi unakuta fedha zimeingia? Wawili wanataka hivi, wawili wanataka vile, na Jumatatu ndiyo siku ya kuamua. Zuhura ni mtu wa mnada.

Hamisi hakungoja sahani ziondolewe. Leo ni mhasibu wa watu, ana miaka arobaini kasoro. Mwaka 2006 alikuwa kijana wa intaneti kafe, analipa nusu saa nusu saa ili acheze RuneScape, gemu ya kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, iliyofunguka ndani ya kivinjari bila kupakua kitu. Dada yake, Mama Zuhura, ana kizimba cha vitenge Kariakoo na hajawahi kucheza gemu maishani mwake. Mimi nilikuwa na daftari.

HAMISI: Mjomba, usiweke mnada. Utaizika gemu yako kabla haijazaliwa.

ZUHURA: Anko, bila mnada watu watavua, watakosa pa kuuza, watafuta gemu siku ya tatu.

HAMISI: Watakosaje pa kuuza na watu wapo? Ngoja nikupe hesabu ya kamba kochi wangu. Unapanda boti bandari ya Port Sarim, nauli sarafu 30, unashuka kisiwa cha Karamja, unatega dema. Begi lina nafasi 28. Dema linakula moja, sarafu za nauli ya kurudi zinakula moja, zinabaki 26 za kamba. Begi likijaa unavuka, unapeleka benki, unaanza upya. Kamba elfu moja ni safari 39.

MAMA ZUHURA: Na hao elfu unawabebaje mpaka sokoni, kama begi linabeba ishirini na sita?

HAMISI: Benki inakupa karatasi, Dada. Karatasi moja imeandikwa kamba elfu, inakaa nafasi moja tu.

MAMA ZUHURA: Stakabadhi ghalani.

HAMISI: Hiyo hiyo! Na karatasi yangu mkononi nakwenda mji wa Varrock, seva namba moja, pale benki. Hapo ndipo dunia nzima ilipokuwa. Watu wamejaa mpaka wamepandiana, kila mmoja maneno yanamwelea kichwani: nauza hiki, nanunua kile. Wajanja walijua kuyafanya maneno yamemeteke, yabadilike rangi, yacheze kama wimbi. Unaita kamba, kamba, kamba. Mtu anakufuata, anafungua dirisha la biashara, unaweka mali yako huku, anaweka fedha yake kule, mnapatana.

ZUHURA: Ilikuchukua muda gani kuuza?

HAMISI: Siku njema, dakika tano. Siku mbaya, nusu saa inaisha na karatasi bado unayo.

ZUHURA: Na kafe ulikuwa unalipia nusu saa.

HAMISI: Ndiyo.

ZUHURA: Kwa hiyo ulikuwa unatoa hela halisi, ya Tanzania, ili usimame benki upige kelele.

Hapo Mama Zuhura alicheka mpaka akaweka chini kitenge alichokuwa anakunja. Hamisi naye alicheka, lakini hakurudi nyuma.

HAMISI: Nilikuwa nalipia kile kile. Hukunielewa. Kuvua kamba kulikuwa kunachosha kuliko kulima. Raha ilikuwa pale benki. Nilikuwa na mteja wangu, Mfini au Mnorwe, sijui hata leo, tulikuwa tunasalimiana kwa Kiingereza kibovu cha pande mbili. Akiniona tu anajua kamba wamefika, bei haturudii. Halafu kuna mtoto ana haraka, ameitwa akale, anatupa mali yake kwa bei yoyote. Huyo unamnunua, unakaa dakika kumi, unauza kwa faida.

MAMA ZUHURA: Sasa nimeelewa kwa nini unaupenda. Ulikuwa mlanguzi.

HAMISI: Nilikuwa mfanyabiashara, Dada.

ZUHURA: Na wewe walikuingiza mjini mara ngapi?

Alinyamaza kidogo. Mimi kisa hiki nakijua, nilikuwa kwenye kiti cha jirani siku ile, kwa hiyo nilimtazama aone kwamba nakikumbuka.

HAMISI: Mara moja kubwa. Deraya. Kule kulikuwa na deraya zenye urembo wa dhahabu pembeni, adimu kweli. Jamaa akajitokeza, mpole, maneno mazuri, anasema anajua kuzitia urembo, nimpe ya kwangu anirudishie imepambwa. Nikampa.

MAMA ZUHURA: Ukampa mali kauli, mtu usiyemjua uso!

HAMISI: Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Ulaghai huo ulikuwa na ndugu wengi. Yupo aliyeahidi kukuzidishia fedha mara mbili: unampa kidogo anarudisha mara mbili, unampa kingi anapotea. Yupo aliyebadilisha mzigo dirishani sekunde ya mwisho, ukidhani unapokea elfu ukapokea mia. Ndiyo maana kabla biashara haijafungwa RuneScape inaleta skrini ya pili, inakuuliza tena kwa maneno: unatoa hiki, unapata hiki, una hakika? Mtu asiyewahi kulizwa anaiona kero.

ZUHURA: Basi ndiyo maana wakaleta mnada, Anko. Tarehe 26 Novemba 2007, Grand Exchange, hapo hapo Varrock, kaskazini magharibi mwa mji. Unamwachia karani mali, unataja bei, unaondoka. Anayenunua hakujui, humjui. Hakuna wa kukutia urembo.

HAMISI: Malizia historia, usiikate katikati. Wiki chache baadaye walifanya nini? Wakafunga biashara ya mkono kwa mkono. Dirisha lilibaki, lakini ukitaka kumpa mtu kitu lazima mizigo ya pande mbili ikaribiane thamani, tofauti ndogo tu inaruhusiwa. Kumpa mdogo wako upanga wa zamani, marufuku. Mnada haukuja peke yake, ulikuja na pingu.

MAMA ZUHURA: Kwa nini wafunge? Mnada si umeshakuwepo?

ZUHURA: Kwa sababu ya wauza dhahabu, Mama. Kuna watu wanavua na kuchimba kutwa, wanauza sarafu za gemu kwa dola halisi. Unamlipa mtu huko nje, halafu ndani ya gemu mnakutana anakukabidhi. Jagex walisema wengi wa hao walikuwa wanalipia akaunti zao kwa kadi za benki za wizi, na hasara inarudi kwa kampuni. Dirisha la mkono kwa mkono ndilo lililokuwa mlango wao.

HAMISI: Na huo mnada wao ulikuwa na bei elekezi. Huwezi kuuza zaidi ya asilimia 5 juu yake wala asilimia 5 chini yake. Unajua bei elekezi inazaa nini.

MAMA ZUHURA: Magendo. Nimeona sukari hapa.

HAMISI: Magendo! Kitu kikiwa adimu, bei yake halisi iko mbali na ile ya ubaoni, basi watu wanakutana pembeni. Nakuuzia upanga kwa bei elekezi, na kufidia pengo unanipa takataka ambazo ubaoni zimeandikwa bei kubwa lakini hakuna mtu anayezitaka. Serikali inaona mizani iko sawa. Takataka zile zikawa fedha, watu wakazitunza kama mahari. Ikabidi Jagex wenyewe wawapigishe kura wachezaji. Zaidi ya kura milioni moja, tisa katika kila kumi zikasema rudisheni. Februari 2011 biashara huria ikarudi.

ZUHURA: Ikarudi, na mnada haukuondoka. Sasa na mimi nimalizie. Mwaka 2013 Jagex walitoa Old School RuneScape, nakala ya gemu jinsi ilivyokuwa Agosti 2007. Kabla ya mnada, Anko. Soko lako lile lile, kelele zile zile. Wakati ule badiliko kubwa lilikuwa linapigiwa kura na wachezaji, na lisipopata asilimia 75 halikupita. Yaani hao waliokuja pale ni wale wanaolilia zamani, na kiunzi kimewekwa juu. Miaka miwili tu, Februari 2015, mnada ukawa umeingia. Waliuomba wenyewe.

Hapo, kwa maoni yangu, Zuhura alishinda raundi. Hamisi alikunywa maji.

HAMISI: Unajua kwa nini? Waliokuwa watoto 2006 walikuwa wamekua. Wana kazi. Mtu ana saa moja usiku, anataka anunue dawa na mishale aende akapigane na joka. Hana muda wa kuita kamba.

ZUHURA: Na wewe ungepiga kura gani?

HAMISI: Ningepiga ndiyo. Halafu ningejuta.

MAMA ZUHURA: Mnada una ushuru?

ZUHURA: Miaka yote haukuwa nao. Desemba 2021 wakaweka asilimia 1 kwa muuzaji, na 2025 wakapandisha hadi 2.

MAMA ZUHURA: Elfu mbili ishirini na moja! Mwaka wa tozo. Kumbe ilitupitia wote.

ZUHURA: Sehemu ya hiyo fedha wananunulia bidhaa za wachezaji, halafu wanaziteketeza.

MAMA ZUHURA: Wanunue mali wachome?

Zuhura alimweleza mama yake vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Kila unapoua kibwengo anadondosha sarafu. Sarafu hizo hazikutoka kwa mtu, zimezaliwa pale. Wachezaji laki nzima wanaua vibwengo usiku na mchana, kwa hiyo fedha inazaliwa bila kikomo, na mapanga hali kadhalika, maana upanga wa kule hauozi. Bila shimo la kutupia, fedha inakuwa makaratasi na upanga unakuwa kuni. Mnada unafaa kwa kazi hiyo kwa sababu kila biashara inapita mlango mmoja, na mlangoni unaweza kuweka mtu wa ushuru. Kwenye dirisha la watu wawili huwezi.

MAMA ZUHURA: Sawa. Kila akifa kibwengo, noti mpya. Hata mimi ningechoma.

Tukala tikiti. Hamisi alikuwa anatafuta silaha nyingine, na alipoipata alisogeza kiti.

HAMISI: Diablo III.

ZUHURA: Nilijua utafika huko.

HAMISI: Blizzard, Marekani. Gemu imetoka Mei 15, 2012. Unaingia mapangoni, unaua majini, wanadondosha silaha, unatafuta silaha bora kuliko uliyonayo. Hiyo ndiyo gemu yote. Hao mabwana wakaweka mnada ndani, na mwezi uliofuata wakaongeza mnada wa pili, wa dola halisi. Kila silaha ikiuzwa kampuni inakata dola moja, na bei ya juu kabisa dola 250. Watu wakaacha majini. Kwa nini ukeshe pangoni ungojee kofia moja, wakati mnadani zimepangwa kofia zote zilizodondoshwa na dunia nzima? Pangoni una bahati yako peke yako. Mnadani una bahati ya mamilioni ya watu, na bei yake ni rahisi. Jini akawa kibarua cha kutafutia sarafu za kwenda mnadani. Aliyekuwa mkuu wa utengenezaji wa gemu hiyo, Jay Wilson, alikiri mbele ya watengenezaji wenzake mwaka 2013 kwamba mnada uliiumiza gemu. Machi 18, 2014 wakaufunga, wa sarafu na wa dola. Kampuni imeacha dola yake moja mezani, Zuhura. Fikiria ubaya ulifika wapi.

Zuhura hakujibu haraka. Alikuwa anakwangua mbegu za tikiti kwa uma.

ZUHURA: Lakini Anko, walipoufunga waliweka nini?

HAMISI: Waliacha majini wadondoshe vitu vizuri zaidi.

ZUHURA: Na biashara?

HAMISI: Biashara...

ZUHURA: Waliifuta. Silaha bora ikidondoka inafungwa kwenye akaunti yako, huwezi kumuuzia mtu. Unaweza tu kumpa mwenzio mliyekuwa naye pale ilipodondoka, tena ndani ya saa mbili. Hawakuchagua upande wako. Walikuwa wameshauona upande wako kwenye Diablo II. Dhahabu haikuwa na thamani, watu wakafanya pete moja, Stone of Jordan, ndiyo fedha. Halafu wahuni wakagundua namna ya kuzirudufu hizo pete, zikazagaa kama mchanga. Biashara yote ikahamia vichochoroni kwa watu wa dola. Mnada wa 2012 uliletwa ili kuwatoa watu vichochoroni. Ulikuwa dawa mbaya, lakini ugonjwa ulikuwepo.

MAMA ZUHURA: Hiyo ya saa mbili naipenda. Kama nyama ya mawindo. Aliyekuwepo porini anapata pande, aliyekuwa kitandani hapati.

Ni hapa nilipotia mdomo wangu, na nilichosema nakiamini mpaka leo. Wote wawili walikuwa wanagombana kuhusu mahali pa kuuzia, wakati kinachobadilika ni kiasi cha mali kinachodondoka. Mtengenezaji wa gemu ndiye Mungu wa mvua kule: ndiye anayeamua upanga mzuri udondoke mara ngapi. Biashara ikiwa nyepesi, kila upanga uliopatikana duniani unakufikia kwa kubofya mara moja, na lazima apunguze mvua, la sivyo kila mtu anakuwa na kila kitu kufikia Jumatano. Biashara ikiwa nzito, anaweza kunyesha. Kwa hiyo mchezaji asiyependa kuuza wala kununua analipia wepesi wa mnada asioutumia, kwa kudondoshewa vitu vibovu.

Si mimi niliyeligundua hilo. Chris Wilson wa Grinding Gear Games, kampuni ya Auckland, New Zealand, aliliandika kwa kirefu mwaka 2017 akieleza kwa nini gemu yao, Path of Exile, haitakuwa na mnada. Kule ulikuwa unatafuta bidhaa kwenye orodha, unamtumia muuzaji ujumbe, unamngoja akualike maskani kwake, mnafungua dirisha. Usumbufu ulikuwa wa makusudi, kama tuta la barabarani.

ZUHURA: Tuta ambalo matapeli walilipenda. Mtu anatundika bidhaa kwa bei ya chini ya uongo. Ukimtumia ujumbe hajibu, maana hana nia ya kuuza. Anangoja mgeni aliyeokota kitu hicho hicho, aangalie orodha, adhani hiyo ndiyo bei, aweke yake kwa bei hiyo. Anaichukua dakika ile ile. Mnadani huo mchezo haupo, ukitundika bei ya chini umeshauza.

Kweli tupu. Na kampuni yenyewe ilikuja kulegea, kwa hatua. Julai 2024 wakaweka ubao wa kubadilishia fedha, yaani vile vito na majiwe ambayo kule ndiyo sarafu, kila kimoja sawa na mwenzake. Agosti 2025, katika Path of Exile 2, wakaruhusu uache bidhaa dukani kwako, mnunuzi aje achukue hata kama umelala. Ila mnunuzi analipa ada kwa dhahabu, na dhahabu ya kule hainunuliki kwa mtu yeyote: unaipata kwa kucheza mwenyewe. Tuta halikung'olewa. Limehamishwa, kutoka kwenye kumngoja mtu asiyejibu kwenda kwenye kazi ya mikono yako mwenyewe.

Mimi ningefuata mpangilio ule wa 2024. Kamba mia ni kamba mia, hawana sura, wapelekwe mnadani bila maneno. Upanga wenye sifa tano, hakuna wa pili wake duniani, huo waacheni watu waangaliane machoni. Hamisi aliniambia nimekaa katikati kama mwandishi. Zuhura akasema wazo si baya lakini yeye gemu yake haina upanga.

MAMA ZUHURA: Mimi nataka kuuliza. Hao wanaouza dhahabu kwa dola ni akina nani hasa?

ZUHURA: Wako wa kila aina. Lakini bolivari ya Venezuela ilipoporomoka, vijana wengi wa kule waliingia Old School RuneScape kwenye kompyuta kuukuu, wanaua majoka ya kijani kutwa, wanauza sarafu, wananunua chakula. Mwaka 2017 mchezaji mmoja aliandika mwongozo wa kuwawinda Wavenezuela pale kwenye majoka. Anaelekeza uwaue vipi, na uwatukane vipi kwa Kihispania ili wapoteze muda wakikujibu.

Mama Zuhura alikunja kitenge kimoja, kisha kingine.

MAMA ZUHURA: Kwa hiyo wengine mnacheza, wengine wako kazini, kwenye gemu hiyo hiyo.

HAMISI: Na huyo kijana, Dada, dhahabu yake haipiti mnadani. Mnada hauangalii nani kwa nani, fedha inaweza kumwangukia mtu mwingine. Lazima amkabidhi mteja mkononi. Ukifunga mkono kwa mkono umemfunga na yeye.

ZUHURA: Umemfunga na yule wa kadi za wizi.

HAMISI: Wote wawili, ndiyo. Na wakikosa mlango wanatoboa ukuta. Kwenye FIFA, gemu ya mpira ya kampuni ya EA, kadi za wachezaji zilikuwa zinauzwa kwenye soko la uhamisho, EA wanakata asilimia 5. Wauza sarafu wakafanyaje? Unaweka mnadani kadi ya shaba, mchezaji ambaye hata kwao hawamjui, kwa bei ya Messi. Muuza sarafu anaikuta, anainunua. Fedha imeshafika. Mpaka Machi 2015 EA wakaweka kikomo cha bei kwa kila kadi. Umeona? Tumerudi kwenye bei elekezi. Mnada wenu kila siku unaishia hapo.

Sikuona Zuhura akijibu hili, na sidhani kama lina jibu. Alichofanya ni kugeuza mazungumzo, kwa ustadi, akaniuliza mimi kama nimewahi kuona gemu yenye mnada usioua safari.

Ipo moja ninayoijua. EVE Online ya CCP, kampuni ya Reykjavík, Aisilandi, tangu 2003. Ni gemu ya vyombo vya angani. Ubao wa bei unauona jimbo zima, unanunua kwa kubofya, lakini mali haikuji. Inabaki kwenye kituo ilikouzwa, na lazima uende na jahazi lako uibebe, au umlipe mchukuzi. Basi kituo kimoja, kwenye mwezi wa nne wa sayari ya nne katika mfumo uitwao Jita, kimekuwa Kariakoo ya anga zima, kwa sababu tu kila mtu anakwenda palipo na wengine. Hakuna aliyekipanga. Na njiani kuelekea huko maharamia wanasubiri. Bei ya pembezoni ni kubwa kuliko ya Jita, tofauti hiyo ni mshahara wa aliyethubutu kubeba.

ZUHURA: Subiri. Rudia hapo.

Nikarudia. Aliinuka, akaleta kompyuta yake, akaanza kuandika huku amesimama.

ZUHURA: Mnada uko kila bandari. Mafia wake, Kilwa wake, Dar wake. Bei unaziona zote. Lakini samaki wako Mafia, ukitaka bei ya Dar ubebe. Na barafu inayeyuka njiani.

HAMISI: Na ukikutana na chombo kingine baharini?

ZUHURA: ...mnaweza kuuziana. Hapo hapo. Mkono kwa mkono. Samaki watakuwa wanaharibika, kwa hiyo mtaharakisha.

HAMISI: Aaah! Umeona? Dirisha limerudi.

ZUHURA: Dirisha lipo tayari, Anko. Tuliliandika mwezi uliopita, ndilo walilolipenda wale wawili. Nikuoneshe?

Akampa simu ya pili ya mama yake, yeye akashika yake. Mama Zuhura alikuwa ametoka barazani, winga amempigia, ana mteja anataka jora zima na bei ya mwisho. Tulimsikia anasema njoo mwenyewe ulishike kitambaa, mimi siuzi kwa picha. Ndani, kwenye vioo viwili vidogo, ngalawa mbili zilikuwa zimesimama ubavu kwa ubavu.

ZUHURA: Nina kamba kochi. Unatoa ngapi?

HAMISI: Wangapi?

ZUHURA: Mia. Ona, nimeweka mia.

HAMISI: Mia tano kwa wote.

ZUHURA: Anko! Barafu yangu imeisha lakini si hivyo. Mia tisa.

HAMISI: Mia sita na hamsini, na hapo nakusaidia tu, mimi mwenyewe begi limejaa. Kamba wenyewe wadogo.

ZUHURA: Mia saba.

HAMISI: Weka.

Macho yake yalikuwa yamerudi kafe. Aliandika mia saba, akabonyeza Kubali kwa kidole gumba, haraka, kama mtu anayeogopa muuzaji asije akaghairi. Simu ililia kengele. Zuhura alikuwa ameshageuza uso dirishani, mabega yanamtikisika.

HAMISI: Mbona naona kumi?

ZUHURA: Sifuri moja ilianguka baharini.

HAMISI: Ulibadilisha saa ngapi?

ZUHURA: Ulipokuwa unasema kamba wadogo.

HAMISI: Dada! Dada, njoo umwone mwanao!

Mama Zuhura alichungulia mlangoni, simu sikioni, akaangalia kioo, akamwambia binti yake amrudishie mjomba wake fedha zake.

ZUHURA: Hakuna kitufe cha kurudisha, Mama. Bado hatujakiandika.

Hamisi aliisogeza simu karibu na macho, akawahesabu kamba wake mmoja mmoja, mpaka kumi.